Bidoni Yenye Kitambaa Chekundu

Siku za Uwizeye zilifanana kama maharage ya gunia moja: asubuhi shule, mchana viazi vya kuchemsha, kisha maji, kisha kuni, kisha masomo ya jioni kama taa ilikuwa na chaji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na aliishi Karuba, kijiji cha milimani, kwa nyanya yake. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara huko Walikale, msituni, na kwa barabara ile ya matope hawakuweza kuja nyumbani kila walipotaka. Nyanya yake aliitwa Nyiransengimana. Ni jina linalomaliza pumzi, ndiyo maana wajukuu walimwita Koko tu, kama watoto wa huko wanavyowaita nyanya zao.

Koko alipika pombe ya mtama. Kilima kizima kilimjua kwa kazi hiyo. Aliloweka mtama, akaufunika kwa majani mpaka uote, akauanika, akausaga ukawa kimea, kisha akapika uji mzito na kuuacha upoe ndani ya mtungi mkubwa. Alichanganya kimea, akafunika mtungi, na siku ya tatu povu likapanda lenyewe. Hapo alichuja na kujaza bidoni za plastiki za lita ishirini. Hakuzijaza mpaka mdomoni, wala hakukaza kifuniko, kwa sababu pombe changa bado inapumua, na bidoni iliyokazwa huvimba mpaka ikapasuka.

Watoto hawakuruhusiwa kuonja hata tone. "Ubongo yako bado iko inajenga nyumba yake," Koko aliwaambia wajukuu, "usimwagie mwashi pombe." Lakini Uwizeye alikuwa na kazi yake, nayo alijivunia: kusafisha bidoni.

Kwa Koko, kusafisha bidoni hakukuwa jambo la kuzungusha maji na kumwaga. Kwanza ziliingizwa kokoto na maji baridi, zikatikiswa mpaka mkono uchoke. Pili, maji ya moto na majivu. Tatu, maji yanayochemka. Kisha ziligeuzwa juu chini kwenye ua zikauke, na mwisho kabisa Koko alizinusa moja moja. Karuba bidoni za manjano ni nyingi kuliko kuku. Ziko za maji, za maziwa, za mafuta ya taa, za dawa ya kupulizia viazi, na zote zinafanana. Ndiyo maana zile sita za Koko zilifungwa kitambaa chekundu kwenye mshikio. Iliyofungwa kitambaa hicho ilikuwa ya pombe tu, maisha yake yote.

Alhamisi moja, Uwizeye alirudi kutoka shuleni akamkuta Koko amejifunika blanketi karibu na moto, macho yanamtoka machozi kwa mafua. Jumamosi wageni walikuwa wanakuja kumposa shangazi Claudette, binti wa mwisho wa Koko. Walikuwa wanatoka Mpofi, mbali, upande wa Walikale.

"Uwizeye, leo sinuse kitu, hata moshi," Koko alisema kwa sauti iliyoziba. "Leo pua yako njo pua yangu. Unuse moja moja. Ile inanuka, hata kidogo hivi, usiniletee."

"Sawa, Koko."

Alizifunga bidoni sita kwa kamba, akazibeba mgongoni, akashuka kuelekea kijito. Kichwa alikuwa amekiinua. Njiani alikutana na rafiki yake Cindy, anayesoma naye dawati moja. Mvua ilikuwa imetoka kupita, na malisho ya ng'ombe yalikuwa yanang'aa kwa maji kuanzia juu mpaka chini.

"Tuteleze mara moja tu," Cindy alisema akiziangalia bidoni. "Majani iko na maji, tutakimbia sana!"

"Koko ataniua."

"Atajuaje? Mara moja, halafu tunaenda."

Mara moja ikawa mara tano. Kila mmoja alikalia bidoni yake, akashika mshikio, akaachia miguu, na kilima kikawapeleka chini huku wakipiga kelele za furaha. Mara ya tano bidoni ya Uwizeye iligonga jiwe lililojificha kwenye majani. Alisikia "kraa!" chini yake. Alipoigeuza, akaona ufa unaopita kitako chote, mpana kiasi cha kuingiza kidole.

Cindy aliacha kucheka. Alisema amekumbuka kuwa mama yake anamngoja, akaondoka kama mtu anayekimbia mvua.

Uwizeye alibaki peke yake na bidoni tano nzima na moja iliyopasuka. Angeweza kupanda nyumbani palepale na kusema. Safari ya dakika kumi tu. Lakini aliufikiria uso wa Koko, na lile neno "pua yako njo pua yangu", kwamba pua yake ndiyo pua ya Koko, akaona afadhali ardhi immeze. Aliificha bidoni iliyopasuka kwenye magugu. Kisha macho yake yakaenda kwenye kibanda cha Papa Sebahire, jirani yao, mkulima wa viazi na mfugaji. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Nyuma yake kulikuwa na bidoni ya manjano, sawasawa na zile za Koko.

Aliichukua. Alifungua kitambaa chekundu kwenye ile iliyopasuka, akakifunga kwenye hii. Fundo likakaa vizuri.

Pale kijitoni maji ya kwanza yalitoka meupe. "Ni maziwa," alijiambia. "Papa Sebahire iko na ng'ombe." Akatia kokoto, akatikisa, akamwaga, akatia tena. Nyumbani alitia majivu na maji ya moto, kisha maji yanayochemka, mara mbili zaidi ya nyingine. Alipoinusa, ndani kabisa, chini ya harufu ya majivu, kulikuwa na harufu nyingine, kali, inayokwaruza koo. Moyoni alijua kwamba hakuna ng'ombe anayetoa maziwa ya namna hiyo.

"Umenusa zote?" Koko aliuliza.

"Ndiyo, Koko."

"Hakuna ile inanuka?"

"Hakuna."

Koko alimshika kichwa akamshukuru. Uwizeye alijisikia vibaya kuliko kama angepigwa.

Kesho yake, Ijumaa, walijaza pombe. Koko alichota kwa kopo na Uwizeye alishika faneli. Walijaza ya kwanza. Ya pili ilikuwa ile. Uwizeye alifungua mdomo, akaufunga. Pombe ilipita mbele ya macho yake, nyekundu nyekundu, yenye povu, mpaka bidoni ikaridhika. Alijiambia atasema wakimaliza. Wakajaza ya tatu, ya nne, ya tano na ya sita. Walipomaliza, Claudette aliingia akiimba, akaanza kuuliza kuhusu viti, na ule wakati wa kusema ukapita.

Jioni yake, jua likiwa bado halijazama, alimsikia Papa Sebahire akipiga kelele kwenye ua wake.

"Nani alibeba bidoni yangu ya dawa ya viazi? Ilikuwa hapa nyuma ya mulango! Mutu akiweka maji ya kunywa mule, tutalia hapa!"

Uwizeye alikuwa anamenya viazi. Kisu kilimponyoka kikaanguka majivuni. Sasa hakukuwa na maziwa ya kujidanganyia. Chakula kilipowekwa hakula, akasema tumbo linamuuma, na huo pia ulikuwa uongo, ingawa haukuwa mbali sana na ukweli.

Usiulize kwa nini hakusema usiku ule. Kila aliyewahi kuficha jambo anajua: linapokaa siku moja, kulisema kunakuwa kuzito mara mbili. Jumamosi asubuhi alipata mpango. Angeangusha bidoni ile, pombe imwagike, aombe msamaha kwa uzembe, basi. Aliingia stoo, akaisukuma mpaka nyuma ya magunia ya maharage, akaanza kufungua kifuniko.

"Weye! Uko nafanya nini na pombe ya dote yangu, ya mahari yangu?" Claudette alisimama mlangoni, nywele zimesukwa nusu.

"Niko nasogeza tu, Tantine," Uwizeye alimjibu shangazi yake.

"Acha kusogeza. Ilete hapa mbele." Claudette alichungulia ndani ya bidoni akatabasamu. "Angalia povu yake! Njo tutaanza nayo."

Wageni walifika saa sita, kumi na wawili, nguo zao safi zimefunikwa makoti ya mvua yaliyojaa matope. Bwana harusi mtarajiwa, Edmond, alikaa katikati akiangalia viatu vyake. Msemaji wao alikuwa baba yake mdogo, Papa Symphorien, mzee mrefu mwenye kofia. Msemaji wa upande wa Koko alikuwa Papa Sebahire. Majirani walijaa ua mzima, pamoja na mwalimu wa Uwizeye na Cindy na mama yake; hata Mama Françoise, muuguzi wa kituo cha afya, alikuja na kitenge chake kipya.

"Wageni, karibuni," Papa Sebahire alianza kwa utani, kama desturi inavyotaka. "Tuliwaona munapanda kilima, tukasema pengine munatafuta ng'ombe ilipotea."

"Hapana, Papa," Symphorien alijibu. "Tulisikia kwenu kuko mbegu nzuri, tukasema tuje kuomba."

"Mbegu ya viazi ao ya maharage?"

Watu walicheka mpaka Edmond naye akainua uso. Uwizeye tu hakucheka. Alisimama karibu na mlango, ameshika sinia ya vikombe, macho yake kwenye bidoni ya mbele.

Kwa watu wa milima ile, mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni. Mgeni hagusi kikombe kabla ya kuona koo la mwenyeji likimeza. Ni heshima, na ni kiapo pia, kwa sababu hakuna neno linaloogopwa katika vijiji vile kama neno sumu. Familia ikisemwa hivyo mara moja, watoto wake hawapati wachumba na sufuria zake hazipati mlaji.

Claudette alimimina kutoka ile bidoni ya mbele. Koko, akiwa bado na mafua yake, alichukua kikombe kwa mikono miwili. Aliwageukia wageni, akainamisha kichwa, akakipandisha mdomoni.

"Koko, usikunywe! Iko mubaya!"

Sinia ya Uwizeye ilianguka. Kikombe cha Koko kilikuwa kimefika kwenye mdomo wa chini. Alikishusha polepole.

Papa Symphorien alivua kofia. "Mubaya namna gani?" aliuliza, na utani wote ulikuwa umemtoka. "Tumetoka Mpofi tangu jana, tumekuja kutafuta bibi. Mulituwekea nini mule ndani?"

"Sumu," sauti ya mwanamke ilisema kutoka nyuma ya wageni. Alikuwa Nyiramana, shangazi yake Edmond. Hakupaza sauti, lakini kila mtu alisikia. Wanaume wawili wa Mpofi walisimama.

Hapo Uwizeye aliona jambo ambalo hakulitegemea. Alidhani watu wote watamwangalia yeye. Hawakumwangalia. Walikuwa wanamwangalia Koko. Yule mama mzee aliyepika pombe miaka arobaini bila kumuumiza mtu alikuwa amesimama katikati ya ua wake mwenyewe, kikombe mkononi. Claudette alijifunika uso kwa viganja. Kama Uwizeye angekimbia wakati ule, na miguu yake ilitaka sana kukimbia, aibu ile ingebaki juu ya Koko.

"Koko hajue kitu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia kwa nguvu. "Hajue kitu! Ni miye. Nilipasua bidoni yake. Nilikuwa nateleza nayo mu malisho, ikapiga jiwe. Nikaogopa. Nikabeba bidoni ya Papa Sebahire bila kuomba, nikaifunga kitambaa yetu, ili ifanane. Iko ile ya dawa ya viazi. Nilisikia harufu. Koko aliniuliza kama nilinusa, nikasema hainuke."

Alisema yote, mbele ya wageni, mbele ya mwalimu wake, mbele ya Cindy aliyekuwa anajificha nyuma ya mgongo wa mama yake. Hakumtaja Cindy. Machozi na kamasi vilimtiririka.

Papa Sebahire alivuka ua, akaigeuza bidoni. Kitakoni kulikuwa na alama ya moto aliyoichoma mwenyewe. "Njo yangu," alisema. Aliinusa, akakunja uso. Kisha akawageukia wageni. "Na miye niko na kosa yangu. Dawa haiachwe nyuma ya mulango wazi. Nilipiga kelele jana, lakini sikutafuta nyumba kwa nyumba."

"Lakini aliiosha," Claudette alisema kwa kubembeleza. "Si uliiosha na maji ya moto?"

Mama Françoise alitikisa kichwa. "Ile dawa inaingia ndani ya plastiki yenyewe. Uoshe mara kumi, haitoke yote. Wenye wangekunywa, wangeanza kutapika, pumzi inakuwa ngumu, na wazee njo wangeanguka kwanza. Kutoka hapa mpaka ku santé, ku kituo ya afya, na hii matope, tungefikisha wangapi?"

Koko aliweka kikombe chini, mbali na mbuzi. Kwa mara ya kwanza alimwangalia Uwizeye.

"Hii tuliijaza ya ngapi?"

"Ya pili, Koko."

Koko alihesabu kwa vidole. "Faneli ilitoka mu hii, ikaingia mu ya tatu, na ya ine, na ya tano, na ya sita. Claudette, inabaki moja tu. Zingine tunamwanga."

"Mama! Pombe yote? Sababu ya tone moja?"

"Unaweza kuiona ile tone? Unionyeshe iko wapi, nitaacha zingine."

Vijana walichukua majembe, wakachimba shimo refu pembeni, mbali na kijito na mbali na njia ya ng'ombe, na bidoni tano zikamwagwa humo; zile nne za Koko na faneli zikakatwa zisitumike tena. Kazi ya siku kumi ilitoa povu, ikazama, ikafukiwa. Koko alisimama pale mpaka udongo ukasawazishwa. Uwizeye alisimama hatua chache nyuma yake, akitamani sana Koko ageuke amkemee. Koko hakugeuka.

Ilibaki bidoni moja kwa watu zaidi ya arobaini. Nyumba inayoposwa kuwapa wageni nusu kikombe kila mmoja ni fedheha ambayo watu huisimulia mpaka wajukuu. Koko aliosha kikombe kipya, akajaza kutoka ile ya kwanza, akanywa chote mbele yao, akasubiri. Mwishowe Papa Symphorien alinyoosha mkono.

"Nilifikiri tutaondoka," alisema. "Lakini mutu mwenye kutaka kukuua hamwange pombe yake yote mbele yako. Nipe."

Alikunywa. Wengine wakanywa. Nyiramana alikataa, akabaki na maji aliyokuja nayo kwenye chupa yake, na hakuna aliyemlazimisha. Mazungumzo yakaendelea, siku ya harusi ikapangwa, ila vicheko vya mwanzo havikurudi.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Kwa Uwizeye ndiyo kwanza yalianza. Koko hakumpiga wala hakumtukana. Alimwambia tu, "Leta sufuria," "Funga mbuzi," "Kula," na baada ya hapo hakuongeza kitu. Ile bidoni iliyobaki na mpya alizonunua alizisafisha mwenyewe, peke yake, huku akikohoa. Kule shuleni wavulana walimpa jina la Dawa ya Viazi. Cindy hakucheka nao, lakini hakuwanyamazisha pia.

Wiki ya pili Mama Byukusenge alikuja. Alikuwa ameagiza pombe kwa ajili ya watu watakaomsaidia kuvuna maharage. Alisimama mlangoni bila kukaa, akasema amepata mpika pombe mwingine upande wa pili wa kilima. Koko alisema sawa. Mama huyo alipoondoka, Koko alibaki ameshika ufagio bila kufagia.

Uwizeye aliona, na aibu ikamrudia upya, mbichi kama siku ile. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alikimbia njia ya mkato, akamkuta Mama Byukusenge kwenye shamba lake.

"Mama, shikamoo. Nimekuja juu ya pombe."

"Nilishasema na Koko yako."

"Walikuambia nini, Mama?"

Mama Byukusenge alinyoosha mgongo. "Walisema pombe yenu ilikutwa na sumu, na mutoto njo aliokoa watu."

Uwizeye alihisi masikio yanawaka. Kumbe maneno yalikuwa yamesafiri na kugeuka njiani, mpaka yeye amekuwa shujaa na Koko amekuwa mbaya. Ingekuwa rahisi sana kunyamaza.

"Haiko vile," alisema. "Mutoto hakuokoa watu. Mutoto njo alileta ile mubaya." Akaanza tena tangu mwanzo: malisho, jiwe, kibanda, kitambaa, harufu. Kuisema mara ya pili hakukuwa rahisi kuliko mara ya kwanza. "Koko alimwanga hata zile hazikuwa na kitu, Mama, sababu ya faneli tu."

Mama Byukusenge alifuta udongo mikononi. "Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu."

"Bon. Rudi nyumbani, mvua inakuja."

Siku mbili baadaye Mama Byukusenge alirudi, na safari hii alikaa. Alikunywa chai, akalalamikia bei ya chumvi, akaulizia mafua, na alipokuwa anaondoka akasema kama jambo dogo kwamba anahitaji bidoni mbili kwa ajili ya mavuno. Mbele ya mlango alimnong'oneza Koko jambo. Koko akaita.

"Uwizeye! Leta kokoto na majivu."

Walikaa pamoja nje, bidoni mbele yao, maji yanachemka. Kokoto ziligonga plastiki.

"Koko, unisamehe," Uwizeye alisema.

"Nilishakusamehe siku ile ile," Koko alijibu. "Lakini kusamehe na kuamini haviko kitu kimoja. Kuamini kunahitaji wakati. Sikiliza, mutoto wangu. Kupasua bidoni haikuwa kosa kubwa. Plastiki inapasuka, ningekupigia kelele, jua lingelala, tungenunua ingine. Kosa ilikuwa pale ulifungua kitambaa na kuifunga kwa ingine. Watu wanakunywa pombe yangu sababu wanaamini ile kitambaa. Ulichukua ile imani yao ukaifunga ku kitu ulijua iko mubaya."

Uwizeye aliongeza kokoto kwenye bidoni.

"Na usiogope haya ya watu namna ile," Koko aliendelea, akimwaga maji ya moto polepole. "Haya inauma, lakini mutu anaimeza, analala, kesho anaamuka. Miye niliimeza mbele ya kilima kizima, na niko hapa naosha bidoni. Ile ya mu kikombe, ningeimeza mara moja tu."

Uwizeye alifuta macho kwa mkono wenye majivu, akaendelea na kazi. Walipomaliza kuosha, Koko alimsogezea bidoni moja moja. Alizinusa kwa utulivu. Ya kwanza ilikuwa safi, ya pili pia. Alipofika kwenye ya nne, mpya waliyoinunua sokoni wiki ile, alisita, akainusa tena, akageuka.

"Koko, hii siko na hakika nayo. Pengine ni plastiki tu. Sijue."

Koko hakuuliza zaidi. Aliichukua, akachoma msumari motoni, akaitoboa kitako mara tatu ili isije ikajazwa kitu na mtu yeyote.

"Asante," alisema, "umeniambia mapema."